Mama Puto, Aliyepima Unyevu wa Anga la Baridi

Ndugu, jamaa, majirani wa mtaa mzima, na nyinyi wenzake wa kazini mlioamua kukaa viti vya nyuma kana kwamba hapa ni darasani kwake: huyu tunayemzika leo aliitwa kwa majina mengi, lakini lililomganda ni Mama Puto. Wasifu huu umeandikwa na wifi yake, na ndiye anayeusoma. Mawifi, kama mjuavyo, hawakosi la kutaniana, na hawa wawili walitaniana miaka zaidi ya thelathini bila kupumzika. Kwa hiyo mkisikia mahali anasifiwa, jueni sifa hiyo imepita kwenye chujio.

Kabla ya kufika mbali, lipo jambo la kuwekwa wazi. Marehemu aliacha agizo kwamba asirembwe. Kuna kitu alichokibeba moyoni tangu mwaka 1997, akamficha mama mkwe wake, huyu aliyeketi hapa mbele, na alitaka kisomwe leo pamoja na mengine. "Andika na hilo," alimwambia wifi yake. "Ukiliacha, utakuwa umenizika nusu." Mama ameombwa ruhusa na ameitoa. Aliitoa kwa sharti, na sharti lake litasomwa pia.

Marehemu alizaliwa tarehe 3 Machi 1961, mtoto wa pili kati ya wanne wa fundi wa mafriji na mkewe mshonaji. Nyumba yao ilikuwa nyuma ya karakana ya baba, na sebule haikukosa friji la mtu, limefunguliwa mgongo, likisubiri spea. Akiwa na umri wa miaka minane alichukua shati la baba yake la kutokea, likiwa bado linachuruzika maji ya kufulia, akalitia kwenye friza la mteja na kulisahau kwa siku kadhaa. Mteja alipokuja kuchukua mali yake, baba alifungua mlango akakuta shati lake limesimama lenyewe humo ndani, mikono imekunjwa, halina kichwa. Alipiga kelele mbele ya mteja. Kilichomuudhi zaidi ni kwamba mtoto hakuomba msamaha. Alilipapasa shati, akalikuta limekaribia kukauka, akamuuliza baba yake maji yamekwenda wapi na hakuna hata tone lililodondoka. Baba alisahau kumchapa, maana na yeye alikuwa ameanza kulipapasa shati.

Alisoma shule ya msingi ya karibu na nyumbani, kisha akaenda shule ya bweni ya wasichana kuanzia 1975 hadi 1980. Huko alikuwa wa kwanza katika fizikia na wa mwisho katika mbio, mara zote mbili bila mpinzani. Mwaka 1981 alijiunga na chuo kikuu, akahitimu 1984. Alikuwa mwanamke pekee katika darasa lake la fizikia, na alisema faida yake ilikuwa moja tu: hakuna aliyethubutu kumwibia kiti.

Tarehe 2 Septemba 1985 aliajiriwa katika idara ya hali ya hewa, kitengo cha anga ya juu. Ofisi yake ya kwanza ilikuwa chumba chenye meza moja ya chuma, dirisha lisilofunguka, na mlango mpana wa nyuma wa kutolea maputo. Kazi ilikuwa hii: unalijaza gesi puto jeupe la mpira mpaka likupite kimo, unalifunga kamba ndefu, mwisho wa kamba unaning'iniza chombo, halafu unaliachia. Puto linapanda, chombo kinatuma vipimo kwa redio, na huko juu sana puto linapasuka, chombo kinashuka kwa mwavuli wake. Maputo yaliyotoboka kabla ya kurushwa aliwaletea watoto wa mtaa, na hapo ndipo jina lilipompata.

Yeye alijikita kwenye unyevu. Si unyevu wa mawingu haya tunayoyaona. Ule wa juu yake, kwenye tabaka linaloitwa stratosfia, ambako hewa ni kavu kiasi kwamba katika chembe milioni moja, za maji ni nne au tano tu. Wifi yake alimuuliza inakuwaje mtu mzima na akili zake analipwa kupima unyevu mahali ambapo haupo. Alijibu kwamba ndiyo maana, ukiwa na tano na mbili zikapotea, huwezi kukosa kuona.

Na zilikuwa zinapotea. Kwenye ncha za dunia, majira ya baridi, jua halichomozi kwa muda mrefu, na hewa ya tabaka lile inapoa mpaka nyuzi tisini chini ya sifuri. Hapo maji machache yaliyopo yanaganda, na asidi yenye naitrojeni inaganda nayo. Zinatokea punje, punje zinanenepa, zikishakuwa nzito zinadondoka. Tabaka linabaki limepokonywa maji yake na naitrojeni yake, gizani, na aliye chini hasikii chochote. Jambo hili alilieleza mezani kwa mama mkwe wake kwa mfano wa ugomvi wa mtaani. Klorini ndiyo mgomvi, naitrojeni ni yule jirani anayemshika mikono. Baridi ikimwondoa huyo jirani, jua likirudi mgomvi anabaki kufanya atakavyo, na anayepigwa ni ozoni, ile inayotukinga na ukali wa jua. Mama alimsikiliza mpaka mwisho, akamuuliza huyo jirani akiondolewa huenda wapi, hana kwao? Marehemu alisema hilo ndilo swali analolipwa kulijibu.

Kazi hii ina adui mmoja. Puto na kamba yake hutoka huku chini na unyevu wa chini, na wakati wa kupanda huutema njiani, kwa hiyo chombo hupima jasho la puto badala ya kupima hewa. Wenyewe huuita unyevu wa bandia. Kila anayeingia kazini hufundishwa siku ya kwanza kwamba akiona unyevu pasipotarajiwa, ashuku chombo chake kwanza, na asiamini vipimo vya kupanda mpaka avilinganishe na vya kushuka. Marehemu ndiye aliyewafundisha hivyo wengi kati yenu mliokaa huko nyuma, na aliwafundisha vizuri, maana somo hilo lilikuwa limemwingia mpaka kwenye mifupa.

Mume alimpata kazini. Mtambo wa kutengenezea gesi ya maputo uliharibika Mei 1987, akaitwa fundi wa mitambo, kijana mrefu aliyevaa soksi zisizofanana. Aliutengeneza siku mbili. Ukaharibika wiki iliyofuata, na iliyofuata tena, mpaka mkuu wa kitengo akaanza kuuliza kulikoni. Fundi huyo alikuwa kaka yake huyu anayesoma, mtoto wa kiume pekee wa Mama, na alikiri kwa dada yake kwamba kuna skrubu moja aliyokuwa akiilegeza makusudi kila anapoondoka. Walifunga ndoa tarehe 17 Desemba 1988. Mama hakufurahi papo hapo. Alisema mwanamke anayeshinda ametazama juu ataunguza kila sufuria, na kweli ziliungua tatu kabla ya mwaka kwisha. Lakini binti yao alipozaliwa, tarehe 22 Agosti 1990, Mama alikuwa wa kwanza kufika hospitali, na tangu siku hiyo hakuruhusu mtu mwingine kumsema mkwewe isipokuwa yeye.

Mwanzoni mwa 1997 mume na mke walichaguliwa kwenda kukaa majira yote ya baridi kwenye kituo cha barafuni, ncha ya kusini ya dunia. Yeye alikwenda kwa ajili ya maputo, Fundi kwa ajili ya majenereta na vyombo vya usafiri. Mtoto aliachwa kwa bibi yake. Kuanzia Machi mpaka Oktoba hakuna meli wala ndege iliyoweza kuwafikia. Simu ilipokamata, marehemu aliwasimulia wa nyumbani juu ya kuta za mbao nyembamba, korido yenye harufu ya dizeli na soksi mbichi, na saa ya ukutani inayosema mchana huku madirisha ni meusi ti. Fundi alichukua simu akasema mkewe hatimaye amepata nyumba isiyo na jiko la kuunguzia.

Tarehe 11 Julai 1997 waliachia puto lililobeba vyombo viwili, kimoja cha mvuke wa maji na kingine cha asidi ya naitrojeni. Cha mvuke kilikuwa na kioo kidogo, upana wa ukucha wa gumba, kinachopozwa mpaka utando wa barafu ujitokeze juu yake. Utando ukichelewa kutokea, hewa ni kavu. Ukiwahi, ina unyevu. Chombo cha aina hiyo kilikuwa kimebaki kimoja tu cha akiba kwa msimu mzima. Puto lilipasuka, na kwa kuwa upepo wa juu ulikuwa umelegea siku hiyo, mzigo uliangukia karibu na kituo. Fundi akasema anaufuata. Mkuu wa kituo aliruhusu, kwa sababu hali ya hewa ilikuwa shwari na sehemu kubwa ya njia ilikuwa na bendera. Marehemu alimfunga zipu ya koti kwenye korido na kumwambia asichelewe. Fundi akamjibu kwamba anajua, mwanamke huyu anampendea vipuri. Akapanda pikipiki ya theluji akaondoka.

Upepo wa chini ulibadilika akiwa huko. Theluji iliinuka mpaka taa ya mlingoti ikapotea machoni pa mtu aliyesimama chini yake. Marehemu alikuwa kwenye chumba cha vipokezi. Sasa, chombo kilichoanguka hakifi papo hapo. Kikiwa kimelala kwenye theluji betri yake huendelea kutuma vipimo kwa muda, vipimo ambavyo havimsaidii mtu, na yeye alikuwa amekiacha kipokezi wazi bila sababu maalum. Kilikuwa kinamletea ukavu na baridi, ukavu na baridi. Halafu unyevu ukapanda. Ukashuka, ukapanda tena. Joto la kioo nalo likaanza kupanda. Alitazama, akaona theluji imeingia kwenye chombo, akasema peke yake lile neno alilozoea kulisema: bandia. Kipokezi kilikuwa kinakoroma kwenye redio ya mawasiliano, na wenzake walihitaji redio hiyo kumwita Fundi. Akakizima. Alikwenda kusimama nao, akamwita mumewe kwenye redio mpaka sauti ikamkauka, na mumewe hakujibu, kwa sababu betri ya redio yake ilikuwa imeganda.

Dishi la kipokezi lilikuwa limegeukia magharibi, likifuata chombo. Waliotoka kumtafuta walifuata mstari wa bendera, kaskazini.

Walimpata tarehe 13, upepo ulipolala, magharibi ya kituo, mbali na bendera. Alikuwa amekaa, ameegemea pikipiki upande uliokingwa. Chombo kilikuwa ndani ya koti lake chini ya kidevu, zipu imefungwa juu yake, na kioo kimeelekezwa mdomoni. Daktari wa kituo alisema maskini alikikumbatia kisiharibike, na watu walilia kwa uaminifu huo. Marehemu hakulia. Alisimama pale akijua jambo ambalo hakuna mwingine aliyelijua. Fundi alivijua vyombo vile ndani nje, alijua mkewe hukaa kwenye kipokezi, na alijua pumzi ya mtu ikigonga kioo kile huonekanaje upande wa pili.

Vipimo vya siku ile, vya chombo kikiwa kinashuka, ndivyo vilivyompa umaarufu. Vilionyesha tabaka zima ambalo nusu ya maji yake haikuwepo na naitrojeni yake ilikuwa karibu kwisha, na chini yake tabaka jingine ambako ile asidi ilikuwa imezidi kawaida. Punje zilikuwa zimeanguka na kuyeyukia hapo. Swali la Mama la mezani lilikuwa limepata jibu. Wenzake wanajua vipimo hivyo vinafundishwa mpaka leo. Mwaka 2003 alipewa nishani. Akaiweka kwenye kabati la vikombe nyuma ya birika, na mtu akiitaja alikumbuka ghafla kuna kitu jikoni.

Aliporudi, Novemba 1997, meli ilimleta yeye na jeneza pamoja. Watu walitarajia arudi kwa wazazi wake. Alimshika mwanawe mkono, akahamia nyumbani kwa Mama, na hapo ndipo alipokaa mpaka mwisho. Alimpeleka Mama kliniki, alimkata kucha, alimpaka dawa magotini, alibishana naye juu ya chumvi. Mtaa mzima ulimsifu: mkwe gani huyu. Mama alikuwa akisema amepoteza mtoto akapewa mwingine. Marehemu alipoyasikia maneno hayo aliondoka chumbani, na sisi tukadhani ni aibu ya kusifiwa.

Yapo mengine tuliyoyadhania vibaya. Usiku wa baridi madirisha ya nyumba yanaposhika mvuke kwa ndani, yeye aliamka kabla ya wote na kuufuta kwa mkono wa sweta, dirisha moja baada ya jingine. Mama aliuona ni umaridadi. Wifi yake alimkuta siku moja kwenye chumba cha binti aliyekuwa bado amelala, anafuta kioo polepole sana, akasimama, akasubiri unyevu urudi, akafuta tena. Alipoulizwa anafanya nini alisema hakuna. Redio yake haikuwahi kuzimwa. Iliachwa inavuma kati ya stesheni na stesheni, na Mama akilalamikia umeme alisema ataizima, asiizime. Kazini, walisema waliomfahamu, somo la unyevu wa bandia alikuja kumwachia mwenzake. Alimkabidhi chaki na kwenda kusimama kwenye korido mpaka lilipokwisha.

Na kila Julai, siku ya kumbukumbu, wakitoka makaburini, Mama alimuuliza swali lile lile. "Alikufa mara moja?" Naye alijibu, "Mara moja, Mama. Hakuteseka." Mama aliitikia kwa kichwa, akashukuru, na aliweza kulala. Ndivyo alivyoishi na kifo cha mwanawe, kwa kuegemea jibu hilo moja. Marehemu alilitoa mwaka baada ya mwaka, na kila alipolitoa, wiki nzima hakula vizuri. Tunajua sasa. Wakati ule tulisema ni majonzi, tukamwongezea chakula.

Oktoba 2023 alianza kuumwa tumbo na mgongo. Vipimo vya hospitali vilionyesha saratani ya kongosho iliyokwisha kusambaa. Daktari, kijana wa watu, alizunguka zunguka na maneno, mpaka mgonjwa akamwambia ampe kipimo chenyewe, huo ufafanuzi atajifanyia. Alikataa kulazwa. Tulimwekea kitanda chumba cha mbele, penye mwanga, na wifi yake akahamia hapo kumuuguza.

Alasiri ya tarehe 21 Februari 2024 Mama alimletea supu. Marehemu akamwomba akae, na akamwomba wifi yake na binti yake wasitoke.

"Mama, kila mwaka unaniuliza kama alikufa mara moja."

"Na kila mwaka unanijibu."

"Hakufa mara moja."

Mama aliweka bakuli chini. "Nani alikuambia?"

"Yeye mwenyewe. Sikumwelewa."

Halafu akamweleza yote mliyoyasikia hapa, kwa mpangilio, bila kujitetea. Alieleza unyevu uliopanda na kushuka, neno alilolisema, dishi lililotazama magharibi, na kioo kilichoelekezwa mdomoni. Alipofika kwa daktari wa kituo aliyesema kijana alikuwa anatunza chombo, Mama alimkatiza.

"Huyo hakuwahi kutunza chombo. Alikuwa anakuita."

"Ndiyo, Mama."

"Alipumua kwa muda gani?"

"Sijui, Mama. Nilizima."

Mama alisimama. Akaenda chumbani kwake akafunga mlango. Hakutoka siku hiyo wala iliyofuata, na chakula kilichowekwa mlangoni kilirudi kama kilivyokwenda. Wifi mtu naye alikasirika, na hana sababu ya kuficha: yule alikuwa kaka yake. Jioni ile alimwogesha mgonjwa bila kumtazama usoni. Binti ndiye aliyelala chini kando ya kitanda cha mama yake, ameshika shuka. Redio iliendelea kuvuma.

Siku ya tatu wifi yake alikwenda kugonga kwa Mama kuomba ruhusa ya jambo hili kusomwa siku ya leo ikifika. Mama alijibu kutoka ndani. "Soma. Lakini usiseme nimemsamehe, maana sijasema." Hilo ndilo sharti lake, na limetimizwa.

Muda mfupi baadaye alitoka, amebeba kiti chake mwenyewe, akakiweka karibu na kichwa cha mgonjwa.

"Mama," marehemu alimuuliza, "umekuja kunitazama nikifa?"

"Ndiyo," Mama alisema, na akakaa.

Alikaa hapo siku zote zilizobaki. Jambo lile hawakulizungumza tena. Walizungumza juu ya supu kukosa chumvi, mjukuu kung'oka jino, jirani aliyejenga ukuta mpaka kwenye njia. Walibishana. Kuna asubuhi moja walicheka wote wawili, tukakimbia kwenda kuona kuna nini, wakanyamaza kama watoto waliofumwa. Mama akichoka alisinzia hapo hapo kitini. Tulimwambia akapumzike, umri wake ni miaka themanini na sita, tukamwambia tutakaa zamu. Hakuondoka.

Jumamosi ya tarehe 9 Machi marehemu aliacha kuzungumza. Kufikia mchana pumzi zake zilikuwa fupi na mbali mbali. Mama alisogeza kiti, akanyoosha mkono, akaweka kiganja mbele ya mdomo wa mkwewe, karibu sana bila kumgusa, na hakukiondoa. Mkono ulipochoka aliuegemeza kwa mkono wa pili. Binti alitaka kumpokea, akakataa kwa kichwa. Mara mbili sisi wengine tulidhani imekwisha, tukaanza kulia, na Mama alitunyamazisha kwa jicho, kwa sababu yeye alikuwa bado anaisikia pumzi kwenye ngozi. Jiwe la kaburi la mwanawe lina tarehe mbili za kufa, 11 na 13, na kistari katikati. Mwishowe alishusha mkono, akatazama saa ya ukutani, akamgeukia huyu anayesoma.

"Andika saa tisa na dakika ishirini. Usiandike alasiri tu. Saa ya huyu yupo anayeijua."

Imeandikwa hivyo. Marehemu ameacha binti mmoja, ambaye ni daktari wa meno, na wajukuu wawili. Kaka mmoja na dada wawili. Wanafunzi wasio na idadi, baadhi yao wakiwa wamekaa viti vya nyuma. Wifi aliyemkasirikia na kumpenda, na ambaye hajamaliza bado hata kimoja kati ya hivyo viwili. Na Mama mkwe wake.

Wengi mmeuliza kwa nini kaburi limechimbwa hapa, kando ya Fundi, wakati nafasi ya kwao ipo. Ni agizo la Mama. Alipoulizwa kama huo ndio msamaha wenyewe, alisema hapana, hilo ni jambo jingine. Alisema mwanawe alimwita mtu huyu, na mtu huyu hajaenda bado. Amechelewa. Basi aende.

Aende salama, na wote wawili walale.